Yah: Malimbikizo ya Mguu wa Kushoto

Mheshimiwa,
husika na kichwa cha habari hapo juu.

Barua hii ni ya kumi na tisa.
Ya kwanza niliiandika nikiwa darasa la nne,
kwa penseli, baba akinitajia maneno
huku ananoa panga la kufyekea mikorosho.
Alisema, andika: naomba kuwasilisha.
Nikaandika, naomba kuwashilisha.
Labda ndiyo maana hamkujibu.

Leo navaa miwani, nina mjukuu.
Yeye bado ananitajia,
na bado ananisahihisha.

Ni Koplo Anafi Nandonde, wa Chiungutwa, Masasi.
Namba yake ya jeshi anaijua kuliko majina yetu.
Malaria ilipompanda kichwani
aliitaja yote, tarakimu baada ya tarakimu,
muuguzi akadhani ni ya simu, akaipiga.
Haikupatikana.

Faili lenu linasema: ajali ya barabarani.
Ni kweli, barabara ilikuwepo.
Lilikuwepo na daraja la magogo, na mvua ya Machi,
na lori lililopakia masanduku ya risasi
kuelekea Ruvuma, ambako usiku huo
walikuwapo watu wakizisubiri.
Baba anauliza, nami naandika alivyosema:
lori lilikuwa la nani?
Na risasi zile, alikuwa anazipeleka mnadani?

Kiinua mgongo mlimpa, hatukatai.
Kiliinua paa. Bati kumi na mbili.
Mgongo wenyewe mliuacha pale pale,
umepinda kulifuata gongo
kama muhogo uliokutana na jiwe.

Sisi wa huku kusubiri hela tunakujua.
Korosho zikiingia ghalani unapewa stakabadhi:
kilo zako zimeandikwa, daraja limeandikwa.
Mnada uchelewe usichelewe, karatasi unayo,
unaitia chini ya godoro, unalala.
Mguu wa baba uliingia ghalani kwenu
bila stakabadhi.

Mwaka juzi bodi ya madaktari ilimpima, Mtwara.
Wakasema, asilimia thelathini.
Njia nzima ya kurudi alihesabu kwa vidole.
Thelathini ya nini, Somoe?
Ya mtu mzima, au ya hiki kilichobaki?
Nikamwambia sijui.
Shuleni asilimia tulifundishwa kwa machungwa.

Na kila mwaka, uhakiki.
Afike mwenyewe, aoneshe kuwa yu hai.
Anaonesha.
Aoneshe kuwa mguu haupo.
Anapandisha suruali. Karani, kijana wa watu,
anatupa jicho mara moja, kisha anatazama dirishani.
Haujachipua, mwanangu, baba anamwambia kwa upole.
Mimi si mkorosho.

Basi likifika Ndanda, usawa wa hospitali,
baba huvua kofia.
Abiria hudhani anaomba dua.
Nyuma ya jengo la zamani, karibu na ukuta,
ndipo ulipozikwa, umefungwa shuka la wodini.
Mimi sikuwa nimezaliwa. Mama aliubeba.
Alisema ulikuwa mzito kuliko alivyodhani,
na kwamba njia nzima alikuwa anaona haya,
kama aliyeiba.

Tarehe ya kuanzia malipo ameitaja mwenyewe:
tisa Machi, sabini na nne, saa nane usiku.
Hiyo saa nane amesisitiza niiandike.
Kiasi tumeacha wazi.

Sasa, Mheshimiwa, kuhusu barua yenu ya mwezi uliopita,
yenye mistari mitatu na mihuri miwili,
inayomtaka mwombaji awasilishe
kithibitisho halisi, na siyo nakala:
nilimsomea mara mbili.
Alinyamaza. Aliomba maji, akanywa, akarudisha kikombe.
Halafu akasema, waulize
watakuja na majembe yao,
au tubebe ya kwetu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
(dole gumba)
A. Nandonde, Koplo.